Ibn al-Haytham na Namba Kamilifu

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraki, karibu mwaka 965, akafariki Cairo karibu 1040. Wengi tunamjua kwa elimu ya mwanga, lakini hesabu nazo alizipenda. Inasimuliwa kuwa huko Cairo riziki yake ilitokana na kunakili vitabu, vikiwemo vya Euclid.

Euclid alionyesha njia ya kupata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake, yenyewe ikiachwa. Zidisha 2×2×2, toa 1, unapata 7, namba tasa. 7 mara 4 ni 28, nayo ni 1+2+4+7+14. Ibn al-Haytham alitaka kuthibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hupatikana hivyo. Hakufika mwisho. Aliyekamilisha ni Leonhard Euler wa Uswisi, miaka 700 baadaye.

Namba tasa za namna hiyo bado zinasakwa. Tangu 1996 watu wa kujitolea duniani hutumia kompyuta zao, kila mmoja akipima fungu lake. Iliyopatikana 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Ndugu zangu, tusiache utafiti kwa kuogopa kutoumaliza. Huenda atakayeumaliza hajazaliwa. Allah amrehemu mzee wetu huyu.