Le Corbusier, msanifu wa makao ya serikali ya Punjab

Mwaka 1947 India ilipogawanywa, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili. Makao yake makuu, Lahore, yakabaki Pakistan. Punjab ya India ikajikuta na wakimbizi wengi na haina pa kukaa serikali. Waziri Mkuu Nehru akaunga mkono ujenzi wa mji mpya, Chandigarh. Leo tunawaletea habari za aliyechora majengo yake makuu.

Alizaliwa Uswisi mwaka 1887 akaitwa Charles-Édouard Jeanneret, lakini dunia inamjua kwa jina la Le Corbusier. Akiwa Ufaransa alipata sifa kwa kuhubiri kwamba nyumba ifanye kazi kama mashine.

Hakuwa chaguo la kwanza. Kazi ilianzwa na Albert Mayer na Matthew Nowicki, ila Nowicki akafa katika ajali ya ndege mwaka 1950. Ndipo Le Corbusier akafuatwa Paris. Alikubali kwenda India mara mbili tu kwa mwaka, kama mwezi mmoja kila safari. Aliyebaki huko na vumbi la ujenzi ni binamu yake, Pierre Jeanneret.

Na hapo yule mtu wa mashine akakuta mashine ni chache. Zege lilipandishwa na vibarua, wanaume kwa wanawake, karai kichwani. Halikupigwa lipu; alama za mbao zinaonekana hadi leo. Jengo la ofisi za serikali lina urefu wa mita 254. Mahakama Kuu ina paa kama mwavuli, kinga ya jua kali na mvua za masika. Sisi tunaona hapo ndipo alipofanya kazi nzuri zaidi.

Ila ardhi ile haikuwa pori. Yalikuwa mashamba ya watu. Wakulima walipinga, na bado vijiji vyao vikaondolewa. Wanaosifu majengo hayo mara nyingi hulipita jambo hilo.

Le Corbusier alifariki Agosti 27, 1965, akiogelea baharini kusini mwa Ufaransa. Mwaka uliofuata Punjab ikagawanywa tena, likazaliwa jimbo la Haryana, na majimbo yote mawili yanatumia majengo hayo mpaka sasa. Sanamu yake ya mkono uliofunguliwa, inayozunguka kwa upepo, ilisimamishwa mwaka 1985, miaka 20 baada ya kifo chake.