Samuel Kamaka: Fundi aliyeipa ukulele umbo la nanasi

MNAMO mwaka wa 1916, katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba yake mtaani Kaimuki, jijini Honolulu, kijana mmoja Mhawaii alipanga randa, patasi na misumeno yake akaanza kuunda ala za muziki. Hakuwa na mwajiriwa wala mshirika. Alikuwa na mbao, gundi na ufundi aliojifunza kwa mikono ya wazee waliomtangulia. Kijana huyo alikuwa Samuel Kaialiilii Kamaka, na ala aliyoiunda ilikuwa ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne ambalo leo hupigwa kila pembe ya dunia.

Kamaka alizaliwa mwaka wa 1890, wakati Hawaii ilipokuwa bado ufalme unaojitawala chini ya Mfalme Kalakaua. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, utawala huo ulipinduliwa, na mwaka wa 1898 Marekani ikavitwaa visiwa hivyo. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwani kizazi chake kilikulia katika nchi ambayo bendera yake ilikuwa imeshushwa, lugha yake ikisukumwa pembeni shuleni, na mashamba yake makubwa ya miwa yakiwa mikononi mwa wageni. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji kilikuwa kichache, na muziki ulikuwa miongoni mwa vichache hivyo.

Hata hivyo, ukulele yenyewe haikuchipuka Hawaii. Mwezi Agosti mwaka wa 1879, meli iliyoitwa Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na mamia ya wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwemo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja wakiijua vyema ala ndogo ya kwao iitwayo machete. Mikataba ya mashambani ilipokwisha, walirudi kwenye ufundi wao mjini, wakaanza kuunda ala hiyo kwa mti wa Hawaii, wakiitega nyuzi kwa namna iliyowafaa wachezaji wa huko. Kalakaua aliipenda, akaipa nafasi katika ngoma za ikulu. Wenyeji wakaiita ukulele, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye, ati kwa jinsi vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi.

Ni kwa huyo mzee Nunes ambako Kamaka alijifunza kazi. Hivyo, alipofungua karakana yake alikuwa anarithi ufundi uliokuwa umevuka bahari, na wakati huohuo alikuwa Mhawaii wa asili akiunda kwa jina lake mwenyewe ala iliyokwisha kuwa nembo ya Hawaii.

Wakati aliouchagua ulikuwa wa neema na wa hatari kwa pamoja. Mwaka mmoja kabla, katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya San Francisco ya mwaka wa 1915, umati wa Wamarekani ulikuwa umeisikia ukulele katika banda la Hawaii, na shauku ya kuimiliki ikaenea nchini humo kama moto nyikani. Lakini viwanda vya bara navyo havikulala. Kampuni ya Martin ya Pennsylvania, iliyokuwa mashuhuri kwa magitaa, ilianza kuuza ukulele zake mwaka wa 1916, na wengine wengi wasio na sifa hiyo walitengeneza maelfu ya ala za bei nafuu na kuziuza kana kwamba zilitoka visiwani. Fundi wa chumba kimoja hangeweza kushindana na viwanda hivyo kwa wingi wala kwa bei. Alichoweza kukitoa ni ubora, na hilo ndilo Kamaka alilolichagua.

Ubora huo ulianzia kwenye mbao. Mti wa koa ni wa jamii moja na migunga tunayoijua, ila huu humea kiasili katika visiwa vya Hawaii pekee. Mbao zake ni ngumu, za rangi ya hudhurungi yenye wekundu, na nyingine huwa na mawimbi yanayometameta kila zinapogeuzwa mbele ya mwanga. Fundi huziranda hadi zifikie unene wa milimita 2 au pungufu. Hapo ndipo mtihani ulipo. Ubao wa uso ukiwa mnene kupita kiasi, ala huwa bubu. Ukipunguzwa mno, mvuto wa nyuzi huupinda au kuupasua. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila ubao, kwa sababu hata mbao mbili za mti mmoja hutofautiana. Mbavu za ala huloweshwa na kukunjwa kwa joto zifuate umbo la nambari nane, na pale kiunoni, ambapo ubao hubonyea ndani baada ya kutokeza nje, ndipo mbao nyingi huvunjika.

Pengine ugumu wa kiuno hicho ulichangia uvumbuzi uliompa Kamaka umaarufu. Katikati ya miaka ya 1920 aliunda ukulele isiyo na kiuno, yenye umbo la yai. Kisanduku hicho kilikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani, na sauti yake ikawa nzito na laini kuliko ile kali ya ukulele za kawaida. Inasimuliwa kuwa rafiki zake walipoiona waliifananisha na nanasi, na mmoja wao aliyekuwa msanii akaipaka rangi uso wake wote ionekane kama tunda hilo. Umbo hilo lilisadifu mno. Wakati huo mananasi ya makopo yalikuwa yakiitajirisha Hawaii. Mwaka wa 1922 mfanyabiashara James Dole alikuwa amekinunua karibu kisiwa kizima cha Lanai kwa ajili ya kulima zao hilo. Mwaka wa 1928 Kamaka alipata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake.

Kufikia hapo karakana ilikuwa imetoka Kaimuki na kuhamia Barabara ya King Kusini. Kazi ilikuwa nyingi, ila iliendelea kuwa ya familia. Wanawe wawili, Samuel Mdogo na Frederick, walifundishwa kuunda ukulele wakiwa bado wanafunzi wa shule ya msingi. Inakumbukwa kuwa baba yao hakuvumilia kazi hafifu, na kwamba aliwakataza kuliweka jina la ukoo juu ya ala ambayo wasingejivunia. Ulikuwa msimamo wa gharama kubwa kwa mtu mwenye familia, kwani miaka ya 1930 ilileta mdororo wa uchumi, na wimbi la shauku ya ukulele likapwa. Wengi walioingia katika biashara hiyo kwa kufuata faida waliiacha. Yeye hakuiacha.

Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua wanawe wote wawili jeshini. Vilipokwisha, walikwenda vyuoni kwa msaada wa serikali uliotolewa kwa askari waliorejea. Ukulele nayo ilifufuka, lakini kwa sura ambayo huenda haikumpendeza fundi wa mbao: kuanzia mwaka wa 1949 Mario Maccaferri, mwenyewe mwanamuziki na muundaji hodari wa magitaa, alitoa jijini New York ukulele za plastiki zilizouzwa kwa mamilioni. Kwa haki, ala hizo hazikuwa mbaya, na ziliwafikia watoto ambao wazazi wao wasingemudu ya koa. Kamaka, aliyekuwa amekaribia miaka 60 na ambaye afya yake ilikuja kudhoofika, hakujaribu kuziiga. Alijiuzulu na kwenda kuishi Waianae, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Oahu, na mwaka wa 1953 akafariki dunia.

Kifo hicho nusura kiifunge karakana. Samuel Mdogo wakati huo alikuwa masomoni bara, akitafuta shahada ya uzamifu katika elimu ya wadudu. Aliyakatiza masomo hayo akarudi nyumbani kushika randa ya baba yake. Mtaalamu wa wadudu akawa muundaji wa kiroboto arukaye. Ndugu yake Frederick alijiunga naye miaka mingi baadaye, mwaka wa 1972, alipostaafu jeshini.

Miongoni mwa waliokuja kuajiriwa hapo baadaye walikuwemo mafundi viziwi. Huugonga ubao kwa vidole na kuuhisi mtetemo wake, wakajua umefikia unene unaotakiwa, kazi ambayo wengi wenye kusikia huikosea.

Karakana hiyo, ambayo ilitimiza miaka 100 mwaka wa 2016 ikiwa chini ya uangalizi wa wajukuu, bado iko Honolulu. Wakusanyaji wa ala za kale huzisaka ukulele za nanasi alizoziunda mzee mwenyewe, wakichungulia kwanza tunduni kutafuta kibandiko chenye jina lake, kisha wakipitisha kidole usoni kutafuta nyufa. Koa ya kale hupasuka ikikaa katika hewa kavu, na fundi wa ukarabati huziba ufa kwa kijiti chembamba cha koa hiyohiyo, akakitia gundi na kukiimarisha kwa ndani kwa vipande vidogo vya mbao. Ikifanywa vizuri, ala hurudi kupigwa.