Mzee wa Mayungiyungi

Wengi wetu tumeyaona mayungiyungi yakielea bwawani, tukapita zetu. Claude Monet, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1840, yeye hakupita. Mwaka 1883 alihamia kijiji cha Giverny, na miaka kumi baadaye akanunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli ili atengeneze bwawa. Majirani walinung'unika, wakihofia kuwa mimea hiyo ya kigeni ingeharibu maji yao. Hata hivyo kibali alikipata.

Tangu hapo alilichora ua hilo tena na tena, picha zipatazo 250. Nyingine aliziharibu mwenyewe kwa kutoridhika. Mwaka 1911 alifiwa na mkewe Alice, na mwaka 1914 mwanawe Jean. Tena macho yake yaliingia mtoto wa jicho, hata nyekundu ikaonekana kwake kama tope. Maskini, mchoraji wa rangi asiyeziona rangi!

Vita vilipokwisha mwaka 1918, aliahidi kuipa nchi yake picha kubwa za mayungiyungi. Rafiki yake Clemenceau, Waziri Mkuu, alimhimiza sana apasuliwe, naye kwa woga akachelewa mpaka 1923. Baadaye akarudia kuzigusagusa zile picha, hakutaka kuziachilia kabisa, mpaka alipofariki tarehe 5 Desemba 1926, akiwa na miaka 86. Ndipo zilipochukuliwa kwenda Paris, zikabandikwa katika vyumba viwili vya Orangerie, vyenye umbo la yai, mwaka 1927.