Kapteni Owen, mpima bahari aliyezika mabaharia wake

Wasikilizaji wetu wa Msimbati, Mikindani na mdomo wa Ruvuma mnazijua rasi na mafungu yenu bila karatasi. Lakini meli ngeni huhitaji ramani ya bahari. Kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, kazi kubwa ya kuichora iliongozwa na Mwingereza William Fitzwilliam Owen.

Alizaliwa mwaka 1774, akaingia jeshi la majini akiwa kijana. Wafaransa walimteka, wakamfunga Mauritius hadi 1810. Baadaye alipima maziwa makubwa ya Kanada.

Mwaka 1822 aliondoka Uingereza na meli mbili, Leven na Barracouta. Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu mno: mashua inatangulia, baharia anatupa bildi, ile risasi iliyofungwa kwenye kamba, anahesabu pima za kina, mwenzake anaandika. Kisha wanasogea kidogo, wanatupa tena. Walifanya hivyo kwa miaka minne, wakirudi na ramani zipatazo 300.

Gharama yake ilikuwa homa. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa mbu ndiye analeta malaria, na waganga wa melini waliwatoa wagonjwa damu, jambo lililowamaliza nguvu zaidi. Zaidi ya nusu ya waliosafiri naye walikufa.

Mwaka 1824 Owen alifika Mombasa. Wamazrui waliogopa kumezwa na Sayyid Said wa Oman, naye aliichukia biashara ya watumwa, basi akapandisha bendera ya Uingereza bila idhini ya serikali yake. Akamwacha hapo Luteni Reitz, aliyekufa kwa homa mwaka huohuo. Jina lake lingali kwenye ghuba ya Port Reitz. Serikali iliukataa mpango huo, na bendera ikashushwa 1826.

Kule kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia, wachora ramani waligawa majina watakavyo, kwa kuwa hapakuwa na wenyeji. Huku kwetu watu walikuwepo. Rasi Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, ina jina la Kireno lenye maana ya nyembamba, lakini Mikindani, Msimbati na Ruvuma yamebaki ya wenyewe.

Owen alihamia Kanada, akafariki huko mwaka 1857. Ramani zake ziliendelea kuongoza meli kwa miaka mingi baada yake.