George Formby: mchekeshaji wa ukulele aliyekataa ubaguzi huko Afrika Kusini mwaka 1946

Tarehe 6 Machi 1961, katika hospitali moja ya mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, George Formby alifariki akiwa na umri wa miaka 56. Siku ya mazishi, watu zaidi ya 100,000 walisimama kandokando ya barabara kuona jeneza lake likipelekwa kwenye makaburi ya Warrington. Hakuwa mfalme wala jenerali. Alikuwa mchekeshaji mwenye meno makubwa na sauti nyembamba, ambaye karibu maisha yake yote alitembea na kigita cha nyuzi ine.

Huku kwetu Kivu, Ituri ao Katanga jina lake halijulikani sana, hata kwa wale wanaopenda muziki wa zamani. Lakini kuna jambo moja katika maisha yake linalohusu Afrika, na hilo peke yake linatosha kumfanya akumbukwe. Kabla ya kufika huko, tuanze na utoto wake.

Alizaliwa tarehe 26 Mei 1904 katika mji wa Wigan, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Jina lake la kweli lilikuwa George Hoy Booth. Wanaosimulia maisha yake wanasema alizaliwa bila kuona, kwa sababu ya ngozi nyembamba iliyofunika macho, na kwamba siku moja, akiwa mtoto wa miezi michache tu, alishikwa na kikohozi kikali, na macho yakafunguka.

Baba yake, James Booth, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumia jina la George Formby. Alikuwa mchekeshaji mkubwa wa kumbi za muziki za Uingereza, na alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alikohoa jukwaani mbele ya watu, na kikohozi hicho alikigeuza kuwa sehemu ya mchezo: watu walicheka naye akiendelea kuisha. Mtu huyo hakutaka mtoto wake afuate kazi hiyo, na hakutaka hata aje kumwangalia akicheza. Kwa hiyo alimtuma akajifunze kazi ya kupanda farasi wa mashindano. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 7.

Hapo ndipo masomo yake yalipokwisha. Kwa maisha yake yote George alisoma na kuandika kwa shida kubwa. Akiwa na umri wa miaka 10 alipanda farasi katika shindano lake la kwanza, akiwa na uzito usiozidi kilo 25. Aliendelea na kazi hiyo hadi 1921, na hakushinda hata mara moja.

Mwezi wa Februari 1921 baba alifariki, akiwa na miaka 45. Wiki chache baadaye, kijana alipanda jukwaani akiimba nyimbo za baba na kurudia vichekesho vya baba. Mwanzoni hakuthubutu hata kutumia jina la Formby. Alijiita George Hoy. Mambo hayakwenda vizuri. Watu walimzomea. Mtoto wa mtu mkubwa akija na mali ya baba yake tu, watu wanampima kwa kipimo cha baba, na kipimo hicho kilikuwa kirefu mno kwake.

Mambo mawili yalimtoa hapo. La kwanza ni ukulele.

Chombo hiki wengi wanakiona leo kwenye simu zao, mikononi mwa vijana. Asili yake ni visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1879 meli ilileta huko wafanyakazi Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waje kulima miwa, nao walikuja na vigita vyao vidogo. Wenyeji wa Hawaii walivichukua, wakavipenda, wakavipa jina lao. Kutoka huko ukulele uliingia Marekani, kisha Ulaya. Chombo ambacho Formby alipenda zaidi kinaitwa banjolele: shingo na nyuzi ine za ukulele, lakini mwili wa duara wenye ngozi kama wa banjo. Sauti yake ni kali na inafika mbali, jambo lenye faida katika ukumbi wenye watu elfu moja na bila mikro. Watoto wetu wanaojitengenezea gita kwa bidoni ya mafuta wanajua vizuri kwamba sauti haitegemei ukubwa wa chombo.

Formby hakujua kusoma noti za muziki. Alibeba banjolele nyingi, kila moja ikiwa imekazwa nyuzi kwa sauti tofauti, na alipobadili wimbo alibadili chombo. Vidole vya mkono wa kushoto havikuwa na miujiza mingi. Ufundi wake ulikuwa katika mkono wa kuume. Alipiga nyuzi zote kwa mapigo yanayogawanyika, mengine juu, mengine chini, haraka kabisa, hata chombo kimoja kikasikika kama ngoma na gita kwa pamoja. Hadi leo watu wanakaa miezi mingi wakijaribu kuiga mkono ule, na wengi wanaacha.

Jambo la pili ni Beryl Ingham. Alikuwa mcheza ngoma ya viatu vya mbao, ngoma ya wafanyakazi wa viwanda vya kwao, na alikuwa bingwa. Alipomwona George jukwaani kwa mara ya kwanza, hakufurahi hata kidogo. Walioana huko Wigan mwaka 1924. Tangu hapo yeye ndiye aliyeshika kila kitu: mikataba, nguo, nyimbo, safari, na mfuko. Alimvua George nguo mbovu za baba yake, akamvika suti nzuri. Inasemekana hata wakati bwana yake alikuwa tajiri, Beryl alimpa pesa kidogo za mfukoni tu, na wakati wa kupiga filamu alikaa karibu kuhakikisha kwamba mabusu na mwigizaji wa kike hayazidi. Watu wengi waliofanya kazi naye hawakumpenda. Lakini bila yeye, kwa maoni yangu, George angebaki mtoto wa marehemu Formby, basi.

Mwaka 1934 walitengeneza filamu ya kwanza ya sauti kwa pesa kidogo na kwa siku chache. Wenye kumbi za London waliidharau. Watu wa kaskazini walijaa mlangoni. Mwaka 1935 ikafuata *No Limit*, juu ya kijana anayeingia katika mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man. Hadithi ilikuwa karibu ileile katika kila filamu: kijana mjinga kidogo, mwenye roho safi, watu wakubwa wanamcheka, mwishowe anashinda na kumpata msichana. Kati ya 1937 na 1943 hakuna mwigizaji wa kiume Mwingereza aliyejaza sinema kumpita. Mwaka 1941 kampuni ya Columbia ilimpa mkataba wa zaidi ya pauni 500,000, pesa nyingi sana kwa wakati wa vita. Alirekodi nyimbo zaidi ya 200. Nyingi zilikuwa na maneno ya kufichaficha, ya kuchekesha watu wazima, na redio ya BBC ilikataa kupiga wimbo wake wa mwaka 1936 juu ya mtu anayesafisha madirisha na kuona yaliyo ndani ya nyumba za watu.

Si vizuri kumpamba mtu kuliko alivyokuwa. Wimbo uliomtangaza mwaka 1932 ulifanya mzaha juu ya Mchina mwenye kazi ya kufua nguo, na huyo Bwana Wu alimrudia tena na tena katika nyimbo zingine. Ulikuwa mzaha wa kawaida wa Uingereza ya wakati ule, na leo unasikika vibaya. Tunautaja kwa sababu yule aliyeimba hayo ndiye huyohuyo wa Afrika Kusini.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Formby na Beryl waliingia katika kazi ya kuburudisha askari. Walizunguka Ufaransa, Italia, Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1944, majeshi ya muungano yalipokwisha kushuka Normandy, jenerali Montgomery aliomba Formby aletwe, naye aliimba karibu na mstari wa mapigano. Inakadiriwa kwamba askari wapatao milioni tatu walimwona wakati wa vita. Mwaka 1946 mfalme alimpa nishani ya OBE.

Mwaka huohuo wa 1946 bwana na bibi walikwenda kuimba Afrika Kusini.

Utawala wa apartheid wenyewe ulikuwa bado. Ulikuja mwaka 1948. Lakini ubaguzi wa rangi ulikuwa tayari sheria na desturi: Wazungu pahali pao, Weusi pahali pao, na wasanii kutoka Ulaya walitazamiwa kuimba na kufuata mpango huo bila kuuliza. Wazee wetu waliojua wakati wa Wabelgiji hawahitaji maelezo marefu: cité ya Weusi upande huu, mji wa Wazungu upande ule. Formby na Beryl walikataa. Walikataa kumbi zilizotenga watu kwa rangi, na walikwenda kuimba mbele ya Waafrika.

Katika moja ya maonyesho hayo, kama wanavyosimulia walioandika maisha yake, mtoto mdogo wa kike, Mwafrika, alimletea Beryl boksi la chokoleti kama zawadi. George alimkumbatia mtoto huyo mbele ya watu wote. Watu walishangilia sana. Mzungu maarufu, aliyetoka kupewa nishani na mfalme, amemkumbatia mtoto mweusi hadharani, katika inchi ile, na katika mwaka ule.

Habari ilifika kwa Daniel François Malan, mkuu wa chama cha National Party, mtu ambaye miaka miwili baadaye angekuwa waziri mkuu na kuanzisha apartheid. Alipiga simu kulalamika. Simu ilishikwa na Beryl. Msichana huyu wa viwanda, aliyekuwa amezoea kubishana na wenye kumbi na wenye sinema, hakutafuta maneno ya siasa. Alimjibu Malan kwa tusi fupi, lile ambalo hatuwezi kuliandika hapa, na akamfahamisha kwamba anamwona mtu mdogo na wa kuchukiza.

Mara nyingi tukio hili linahesabiwa kwa George peke yake. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ni ya Beryl. George aliimba na kumkumbatia mtoto kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Aliyejibu mtawala ni bibi yake. Tena hawakuwa watu wa siasa. Hawakuandika barua magazetini, hawakuanzisha chama. Walikuwa na mikataba ya kupoteza na hakuna aliyewalazimisha. Wasanii wengi wenye masomo mengi kuliko wao walikwenda Afrika Kusini baada yao, miaka ya sabini na themanini, wakaimba mbele ya Wazungu peke yao, wakachukua pesa, wakarudi.

Baada ya vita sinema zake zilipungua nguvu, lakini watu waliendelea kumtaka. Alizunguka Australia na New Zealand. Mwaka 1951 alianza mchezo mkubwa wa muziki London, ukajaza ukumbi kila usiku, hadi moyo ulipomshika mwezi wa Aprili 1952 akalazimika kuacha. Kutoka hapo afya yake haikurudi sawasawa.

Mwisho ulikuwa wa haraka na wa huzuni. Mwezi wa Desemba 1960 alionekana kwenye televizio ya BBC akisimulia maisha yake, na hapo alisema wazi kwamba kusoma na kuandika kulimshinda, na kwamba kazi yake yote aliipata kwa msaada wa Beryl. Beryl alikuwa mgonjwa sana wakati huo. Alifariki siku moja kabla ya Noeli. Majuma machache baadaye, mwezi wa Februari 1961, George alitangaza kwamba ataoa mwalimu wa shule aliyemjua kwa miaka mingi. Inchi nzima ilizungumza. Wengine walikasirika, kwa kuwa matanga yalikuwa hayajaisha. Wengine walisema amengoja furaha muda mrefu. Siku chache baadaye moyo ulimshika tena, na harusi haikufanyika. Mali yake nyingi alimwachia mchumba huyo. Familia ilikataa, na kesi zilidumu miaka, kama tunavyoona mara nyingi katika familia zetu. Alizikwa pamoja na baba yake.

Mwaka huohuo wa 1961 wapenzi wake walikutana Blackpool, mji wa pwani, wakaanzisha Chama cha George Formby. Si chama cha kuweka maua kaburini tu. Wanachama wanakuja na banjolele zao, wazee na watoto, na kila mmoja anapewa nafasi ya kupanda jukwaani, hata yule anayejifunza.

Mmoja wa waliopenda kufika alikuwa George Harrison, yule wa Beatles, mtoto wa Liverpool. Mwaka 1991 alikuja Blackpool pamoja na familia yake, akapanda jukwaani kuimba kama wanachama wengine. Nyumbani kwake, wageni walipomaliza kula, yeye alileta ukulele mezani. Alipofariki mwaka 2001, rafiki yake Paul McCartney alichukua wimbo mkubwa wa Harrison na kuanza kuuimba kwa ukulele peke yake, akieleza watu sababu. Aliufanya hivyo kwenye onyesho la kumkumbuka Harrison, London, mwaka 2002, na ameendelea kufanya hivyo katika maonyesho yake.

Huko Wigan, sanamu ya Formby ilisimamishwa mwaka 2007, ndani ya jengo la maduka. Ameshika banjolele.