Albrecht Dürer, mtu aliyechora magugu

Wengi wetu, saa ya kuchora ikifika, tunakaa na karatasi nyeupe mbele yetu bila kujua tuchore nini. Mmoja anatafuta kalenda ya zamani na kufuatisha milima yenye theluji. Mwingine anafuatisha maua ya roza ya karatasi ya zawadi. Ukimuuliza sababu, atajibu kwamba hapa kwetu hakuna kitu kizuri cha kuchora. Sisi wa darasa la sita tunasikiaka neno hilo tangu tulipoingia shule hii. Kwa hiyo mara hii tunawaletea maisha ya Mjerumani mmoja aliyekufa zamani sana, ambaye picha yake moja ya sifa kubwa ni picha ya majani ya kukanyagwa.

Alizaliwa katika mji wa Nuremberg tarehe 21 mwezi wa 5, mwaka 1471. Baba yake alikuwa mfua zahabu, mgeni kutoka inchi ya Hungaria. Jina la kijiji cha baba lilikuwa na maana ya mlango. Alipohamia Ujerumani alilitafsiri kwa lugha ya pale, na ndipo jina Dürer lilipotokea. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18. Waliofikia utu uzima ni watatu tu.

Mtoto Albrecht aliwekwa kwanza katika kazi ya baba yake, kuchonga zahabu na feza. Mwaka 1484, akiwa na miaka 13, alijitazama katika kioo na kuchora uso wake mwenyewe kwa kalamu ya feza. Kalamu ile haina msamaha: mstari ukisha kuandikwa, haufutiki. Karatasi ile ingali iko mpaka leo. Miaka miwili baadaye alimwambia baba kwamba anataka kuwa mchoraji. Mzee alisikitika kwa sababu ya miaka aliyopoteza kumfundisha kufua, lakini alikubali, akampeleka kwa fundi Michael Wolgemut. Tunajiuliza ni wazazi wangapi wa kwetu wangekubali, ikiwa mtoto aliyeandaliwa kuwa muganga anarudi nyumbani na habari ya burashi.

Kutoka mwaka 1490 mpaka 1494 alitembea inje ya mji wake kama desturi ya mafundi vijana. Aliporudi alioa Agnes Frey. Hawakupata mtoto. Miezi michache baada ya arusi tauni iliingia Nuremberg, naye akashika njia ya Italia, kuvuka milima mirefu mpaka Venise.

Hapa ndipo habari yetu inapoanza sawasawa. Wakati ule mchoraji alilipwa kuchora watakatifu, wafalme na matajiri. Miti, mito na milima ilikuwa kitu cha kujaza nafasi nyuma ya mgongo wa mtakatifu. Dürer alibeba karatasi ndogo na rangi za maji, akachora njia yenyewe: mji wa Innsbruck na mto wake, ngome ya Arco juu ya jabali na mizeituni chini, miamba mitupu. Hakuna malaika, hakuna mfalme. Kwao Nuremberg alichora vilevile kiwanda cha kuvuta waya kando ya mto, na bwawa la maji katikati ya misonobari jua likielekea kushuka. Picha hiyo ya bwawa hakuimaliza, sehemu nyingine imebaki karatasi tupu, na sisi tunaipenda hivyo hivyo.

Neno moja juu ya rangi za maji, kwa wale wasiozijua. Rangi inasagwa iwe unga, inachanganywa na gundi ya mti, halafu maji. Unaanza na rangi nyepesi yenye maji mengi, unangoja ikauke, unaongeza nzito, mwishoni unashika burashi nyembamba kwa vitu vidogo. Uzuri wake ni kwamba haina mizigo. Kikopo cha maji, rangi kidogo, karatasi, unakaa kando ya njia. Karatasi haikuwa shida sana pale, maana Nuremberg ilikuwa na kiwanda cha karatasi tangu mwaka 1390.

Picha hizo zilimsaidia baadaye. Alikuwa amechora nyumba ndogo iliyosimama katikati ya maji karibu na mji wake. Karibu mwaka 1498 nyumba ileile ilitokea nyuma ya Maria katika picha ya kupigwa chapa. Kwa picha za chapa ndiyo alipata jina na feza. Agnes mwenyewe alizipeleka kuziuza sokoni, hata Frankfurt. Bila mama yule hatujui nyumba ingekula nini.

Sasa tufike mwaka 1503. Mwaka mmoja mbele alikuwa amechora sungura, manyoya yake moja moja, na katika jicho la sungura unaona mwanga wa dirisha. Ndipo akachukua bonge la udongo pamoja na majani yake. Ni magugu matupu: nyasi ndefu, majani mapana yanayolala chini kando ya njia, maua ya manjano yaliyojifunga kama ngumi ya mtoto mchanga. Vitu ambavyo siku ya usafi sisi tunang'oaka na kutupa. Alishusha macho yake mpaka usawa wa udongo, kana kwamba yeye ni chura, akachora kila jani namna lilivyo, na mizizi inayoonekana chini. Nyuma hakuweka kitu. Karatasi yote haifiki sentimeta 42 kwa urefu. Wenye elimu ya mimea wanaweza kutaja majina ya mimea ile hata leo, zaidi ya miaka 500 imepita, kwa sababu hakubahatisha jani hata moja. Kazi ya namna hii si ya saa moja. Wale wanaomaliza ua kwa dakika tano wafikiri kidogo.

Tena kuna habari ya kifaru, na hii itachekesha. Mwezi wa 5, mwaka 1515, meli ilileta kifaru Lisbon kutoka India. Dürer hakwenda kumwona. Alipata barua na mchoro wa mtu mwingine tu, naye akachonga picha. Kumbe alimvika mabamba kama askari wa mavazi ya chuma, akamwongezea na pembe ndogo juu ya mgongo! Picha ile iliuzwa sana, na kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya Ulaya vikaifuatisha, pembe ya mgongo pamoja. Ni mkono uleule uliochora majani. Lakini majani aliyaona, kifaru alimsikia.

Macho yake hayakumwacha apumzike. Mwaka 1520 alisafiri na Agnes mpaka inchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi, kumuomba mfalme mkuu mpya, Charles, aendelee kumlipa posho yake ya kila mwaka. Huko Bruxelles alistaajabia vitu vya zahabu vilivyotoka Mexico. Aliposikia kwamba nyangumi mkubwa ametupwa pwani ya Zeeland, aliondoka katika baridi ili amwone. Alipofika, maji yalikuwa yamekwisha kumchukua. Badala ya nyangumi akarudi na hatari ya kuzama, na baadaye homa ikamshika, homa ambayo haikumwacha vizuri tena.

Mwaka 1521, mjini Anvers, alichora mwanamke mwafrika. Jina lake Katharina, miaka 20, alitumika katika nyumba ya João Brandão, mjumbe wa mfalme wa Ureno. Siku zile Wareno walikuwa wamekwisha kufika kwenye mdomo wa mto Kongo, na mfalme Afonso wa Kongo aliandikiana barua na mfalme wao. Dürer alimchora Katharina kwa kalamu ya feza, ile isiyofutika. Amefunga kitambaa kichwani, macho yanatazama chini, uso ni wa mtu mwenye mawazo mengi. Wazungu wengi walichora watu weusi kama kichekesho ao kama pambo. Huyu alitazama uso wa dada yetu kwa uangalifu uleule aliotazamia majani, aliandika jina lake na miaka yake, na kwa hiyo tunamjua.

Katika mambo ya imani alivutwa na mafundisho ya Luther, na mji wake uliyapokea mwaka 1525. Mwaka uleule, usiku mmoja wa mwezi wa 6, aliota kwamba maji makubwa yanaanguka kutoka mbinguni juu ya inchi. Aliamka akitetemeka. Asubuhi alichukua rangi za maji, akachora nguzo zile za maji zikishuka kwenye uwanda mtupu, na chini yake akaandika ndoto yote. Kwa kazi ya haraka vile, rangi nyingine isingefaa.

Alikufa Nuremberg tarehe 6 mwezi wa 4, mwaka 1528, akiwa na miaka 56. Kitabu chake juu ya vipimo vya mwili wa mtu kilitoka miezi michache baada ya kufa kwake. Agnes aliishi miaka 11 zaidi.

Picha ya majani iko Vienne, inchi ya Austria, katika nyumba inayoitwa Albertina, pamoja na sungura. Wageni wengi wanaifuata lakini hawaioni, kwa sababu mwanga unakula rangi za maji. Mwaka 2019 ilitolewa watu waitazame, na mwanzoni mwa 2020 maonyesho yale yakafungwa. Sehemu kubwa ya wakati inalala gizani.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita