Maisha ya Mtungaji wa Shamba la Wanyama

Kitabu kiitwacho Shamba la Wanyama kimepita katika mikono mingi Afrika Mashariki. Bwana Fortunatus Kawegere wa Tanzania alikifasiri kwa Kiswahili, na East African Publishing House ya Nairobi ikakichapisha mwaka 1967. Wako waliokisoma utotoni wakacheka kwa vituko vya nguruwe, kisha wakakirudia utu uzimani wasicheke tena. Lakini mtungaji wake, George Orwell, maisha yake hayajulikani sana huku kwetu Pwani. Leo tutayasimulia, na njiani tutapita Kabianga, katika nchi ya majani ya chai huko Kericho, kwa sababu yaliyotokea huko yanatufahamisha vitabu vyake vinasema nini.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni, 1903, katika mji wa Motihari, Bara Hindi. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika idara ya afyuni, yaani ile kasumba iliyolimwa na wakulima wa Kihindi ikauzwa Uchina, na faida yake ikaingia katika hazina ya serikali. Basi mkate aliolishwa mtoto yule ulitoka katika biashara ambayo leo hakuna serikali ingependa kuonekana nayo. Mama yake alimchukua Uingereza angali mchanga. Alipokua alipata nafasi ya masomo ya bure katika skuli ya Eton, wanakosoma watoto wa makabaila, naye hakuwa mmoja wao.

Hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 19, alijiunga na polisi wa kikoloni akapelekwa Burma. Alikaa huko miaka mitano. Aliona jela, aliona viboko na vitanzi, na yeye mwenyewe alikuwa mkono mmoja wa serikali hiyo. Alichojifunza ni kwamba mtu atawalaye wenzake kwa nguvu hana budi kuvaa uso usio wake, na kuuvaa mpaka ukagandamana na ngozi. Mwaka 1927 alirejea kwao kwa likizo, akajiuzulu. Wazazi wake hawakupendezewa, kwani kazi ile ilikuwa na mshahara mzuri na heshima.

Baada ya hapo akaamua kuijua dhiki kwa macho yake. Alilala na masikini London, akaosha vyombo katika hoteli ya Paris. Kitabu alichoandika juu ya maisha hayo kilitoka mwaka 1933, na hapo ndipo alipojiita George Orwell. Orwell ni jina la mto mmoja wa mashariki ya Uingereza. Mwaka uliofuata, 1934, ilitoka riwaya yake juu ya Burma. Ilibidi ichapishwe kwanza Marekani, maana wachapaji wa Uingereza waliogopa kushitakiwa na wale ambao wangejiona ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1934, serikali ya Kiingereza nchini Kenya ilitunga sheria ambayo msomaji akiisikia atadhani imetoka katika riwaya. Nchi ya Kabianga na Kericho, ambayo leo ukiitazama ni kijani kitupu hadi upeo wa macho, ni nchi ya Wakipsigis. Katika miaka ya 20 makampuni makubwa ya chai ya Kiingereza yaliingia huko, na ardhi nzuri ikawa mashamba. Miongoni mwa Wakipsigis ulikuwako ukoo wa Talai, ukoo wa watabiri, ambao mkubwa wao huitwa orkoiyot. Watu waliwasikiliza, na serikali haikupenda watu wasikilize wengine. Sheria ya 1934 ikatoa ruhusa ya kuuhamisha ukoo mzima: wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Hakuulizwa mmoja mmoja amekosa nini. Kosa lilikuwa kuzaliwa. Mamia walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto na mbung'o, mbali na baridi ya kwao, wakakaa huko mpaka miaka ya mwanzo ya 60, uhuru ulipokuwa mlangoni.

Tena tazama jambo hili. Sheria ile iliwaita malaiboni. Laiboni ni neno la Kimasai, wala Wakipsigis si Wamasai. Serikali iliwafukuza watu kwao, na katika karatasi ya kuwafukuzia ikawapa jina la wengine. Wajukuu zao bado wanadai haki yao. Mwaka 2022 walipeleka kesi mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hatuna dalili kwamba Orwell alipata kusikia habari ya Talai. Lakini mambo kama hayo ndiyo yaliyompa kalamu. Mwishoni mwa 1936 alikwenda Hispania kupigana upande wa Jamhuri dhidi ya jeshi la Franco. Mwezi wa Mei 1937 alipigwa risasi ya koo, akapona kwa kudra ya Mungu. Kabla jeraha halijakauka, kundi alilopigana nalo likapigwa marufuku na watu wa upande wake mwenyewe, waliofuata amri za Moscow. Wenzake wakatiwa jela, wakaitwa wasaliti, na magazeti yakaandika vita ambavyo havikuwapo na kunyamazia vilivyokuwapo. Yeye na mkewe Eileen walitoroka kuvuka mpaka. Aliyeijua jela ya mkoloni sasa akaijua na jela ya mwanamapinduzi.

Kifua chake kilikuwa kibovu. Kwa ajili hiyo alikaa miezi kadhaa Marrakech, nchini Moroko, mwaka 1938 na 1939. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi BBC katika matangazo ya kwenda Bara Hindi, kuanzia 1941 hadi 1943. Kisha akaandika Shamba la Wanyama. Wachapaji kadhaa walikikataa, kwani Urusi ilikuwa rafiki ya Uingereza katika vita na hapana aliyetaka kumuudhi Stalin. Kilitoka tarehe 17 Agosti, 1945. Eileen hakukiona. Alikuwa amekufa mwezi wa Machi akifanyiwa upasuaji, akamwachia mumewe mtoto mchanga waliyemlea.

Orwell akahamia kisiwa cha Jura, huko Scotland, katika nyumba iliyo mbali na watu. Hapo, akikohoa damu ya kifua kikuu, aliandika riwaya iitwayo 1984, habari ya nchi ambayo serikali yake humwangalia mtu hata chumbani mwake, hufuta magazeti ya jana na kuyaandika upya, na hupunguza maneno ya lugha ili watu wakose hata neno la kulalamikia. Nakala ya mwisho aliipiga taipu mwenyewe, mgonjwa, kitandani. Ilitoka tarehe 8 Juni, 1949. Alifariki London tarehe 21 Januari, 1950, akiwa na miaka 46. Kaburi lake limeandikwa Eric Arthur Blair.

Watu husema kwamba Orwell alitabiri. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na marehemu huyu hakudai kuijua. Alichukua mambo aliyokwisha kuyaona Burma, Hispania na London, akayakuza ili mwenye usingizi ayaone. Hilo si ukahini, ni onyo, na onyo tunalijua zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi na kutuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, hakuwa akipiga ramli. Alikuwa akimzindua moyo wake na mioyo yetu.

Kwa hiyo msomaji akiuliza nani asome kipi, rai yetu ni hii. Kijana wa miaka 12 au 13 apewe Shamba la Wanyama, kwa kuwa ni fupi na lugha yake ni nyepesi. 1984 ni ya mtu mzima. Ina mateso na mambo ya faragha yasiyomfaa mtoto. Anayetaka waandishi wetu na atafute Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, juu ya dunia iliyoangamia. Ni kitabu kigumu, asikisome kwa haraka. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mwana wa Zanzibar, ni karibu zaidi nasi: marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake aliyeneemeka kwa dhuluma. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ni ya vijana wa vyuo.

Kabianga yenyewe sasa ina chuo kikuu, kilichopata hati yake mwaka 2013, katikati ya michai. Mwanafunzi wa huko akisoma habari ya farasi aliyefanya kazi mpaka akaanguka, anaweza kuinua macho akawaona wachumaji wakichuma majani mawili na kichipukizi chake tangu asubuhi. Na akisoma jinsi nguruwe walivyopanda usiku kubadilisha amri zilizoandikwa ukutani, aweza kumuuliza mzee wa Talai jina la ukoo wake lilivyoandikwa katika sheria ya 1934. Nasi wazazi wa Pwani, mtoto akishamaliza kitabu tusimuulize tu kama amekipenda. Tumuulize ni nani kati ya wanyama wale aliyejua kusoma, aliyaona maneno yamebadilika, na akanyamaza.